Taiti endi mmoja wa kujengea timu: Gonzalez, Gates, Gronkowski au Kelce?

Mzee wa Yadi

Wakuu, kwenye uzi wa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mjadala huu umekuwa ukizuka na kufa kwa sababu kila mtu anataja jina bila hoja. Naupa uzi wake. Unaanzisha timu leo. Unaruhusiwa kuchukua taiti endi mmoja wa zama zozote, na utakaa naye tangu siku ya kwanza hadi anastaafu, misimu mizuri na ya majeraha pamoja. Unamchukua nani? Naweka wanne mezani: Tony Gonzalez, Antonio Gates, Rob Gronkowski na Travis Kelce. Mwenye wa tano amlete, ila aje na sababu.

Kwa wageni wa futiboli ya Marekani: timu inayoshambulia ina watu 11. Watano wa ukuta wa mbele kazi yao ni kuzuia, na kwa kawaida hawaruhusiwi kudaka pasi. Taiti endi husimama bega kwa bega na mtu wa mwisho wa ukuta huo, lakini yeye kudaka anaruhusiwa. Kocha akiita mbio, lazima amsukume mlinzi wa kilo 120 ili mkimbiaji apite. Kocha akiita pasi, lazima amponyoke mlinzi wa nyuma mwenye kilo 90 na miguu myepesi. Na wapinzani wasigundue mapema lipi linakuja.

Hapo ndipo thamani yake ilipo. Kocha wa ulinzi huangalia nani wameingia uwanjani kabla ya kuchagua watu wake. Akileta wakubwa, unarusha. Akileta wadogo, unakimbia. Ukiwa na taiti endi anayeweza yote mawili, kila chaguo lake lina tundu. New England mwaka 2011 walifanya hivyo kwa taiti endi wawili kwa pamoja: Gronkowski alidaka pasi 90 kwa yadi 1,327, na mwenzake Aaron Hernandez akadaka 79 kwa yadi 910. Walifika Super Bowl.

Watu wa aina hii ni wachache mno. Hadi darasa la 2025, katika Jumba la Heshima kule Canton kuna taiti endi 10 tu wa zama za kisasa. Wapokeaji wa pembeni, wale wanaosimama mbali na ukuta kusubiri pasi, ni zaidi ya mara mbili ya hao.

Mimi namchukua Gronkowski. Futi 6 na inchi 6, kilo 120, na alikuwa akizuia kama mtu wa ukuta. Tachidauni zake 17 za kudaka mwaka 2011 (tachidauni ni kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) hakuna taiti endi aliyezifikia. Alimaliza na 92 katika mechi 143 za msimu wa kawaida. Nitazameni pia Super Bowl ya Februari 2019 dhidi ya Rams. Mechi imekwama 3 kwa 3 robo ya nne, ulinzi umekaza pande zote mbili, kotabeki Brady, yaani mrusha pasi wao, anamrushia katikati ya walinzi, yadi 29, mpira unafika yadi 2 kutoka eneo la kufungia. Mchezo uliofuata ikaingia tachidauni pekee ya usiku ule. Mwili wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba alistaafu wiki chache baadaye, na bado pasi iliyoamua mechi ilikwenda kwake.

Salma wa Mvita

Mzee wangu, heshima yako ipo palepale, lakini umeweka sharti mwenyewe halafu umelikimbia. Umesema tunakaa naye misimu yote, ya majeraha pia. Gronkowski alikosa msimu mzima chuoni Arizona kwa upasuaji wa mgongo, ndiyo maana akashuka hadi nafasi ya 42 timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2010. Kisha mkono ukavunjika 2012, goti likachanika Desemba 2013, mgongo ukapasuliwa tena 2016. Super Bowl ile ambayo New England walikuwa nyuma 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta wakageuza na kushinda, yeye hakucheza. Timu ninayoijenga mimi inamhitaji mtu Januari.

Kelce ndiye mtu wa Januari. Jerry Rice alikuwa na rekodi ya kudaka pasi 151 kwenye mtoano, rekodi ambayo watu waliiona haiguswi, na Kelce akaipita kwenye fainali ya AFC (moja ya kanda mbili za ligi, nyingine ni NFC) dhidi ya Baltimore mwezi Januari 2024. Huyo Rice ndiye mpokeaji mkubwa kuliko wote. Taiti endi kumpita kwenye mechi ngumu kuliko zote ni jambo ambalo halijapewa uzito wake.

Anavyocheza ndivyo kunakonivuta zaidi. Sekondari alikuwa kotabeki, na ukimtazama vizuri utaona. Ulinzi wa maeneo, ambapo kila mlinzi analinda kipande chake cha uwanja, una mianya kati ya kipande na kipande. Wapokeaji wengi hukimbia njia iliyochorwa wakitumaini mwanya utakuwepo. Kelce huenda mwanya ulipo, anasimama, anageuka uso kwa kotabeki wake Mahomes. Kufanya hivyo kunataka kotabeki naye awe ameona kitu kilekile kwa wakati uleule, la sivyo pasi inakwenda kwa adui. Wale wawili wamelifanya hilo kwa miaka.

Mechi ya Buffalo, Januari 2022. Chiefs wa Kansas City, timu ya Kelce, wako nyuma kwa pointi 3, zimebaki sekunde 13. Pasi ya kwanza Tyreek Hill, yadi 19. Ya pili Kelce, yadi 25, na hakufuata njia iliyochorwa. Aliona katikati pako wazi akakata moja kwa moja. Butker akapiga teke la pointi 3, 36 kwa 36. Muda wa nyongeza, tachidauni ya ushindi, nani? Kelce. 42 kwa 36.

Misimu saba mfululizo, 2016 hadi 2022, hakushuka chini ya yadi 1,000. Mwaka 2020 alifika 1,416, rekodi ya taiti endi, na mechi ya mwisho alipumzishwa.

Kijana wa Kasarani

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nimetoka kwenye kikapu, futiboli hii nimeanza kuifuata misimu michache tu, zile mechi za Jumapili saa mbili usiku. Naomba kuuliza: kama kudaka ndiko kunakoleta yadi, kwa nini mtu mrefu na mwepesi kama Kelce asiwekwe pembeni kabisa na aachane na kusukumana?

Kocha Barasa

Marahaba kijana. Swali lako lilishafika mbele ya msuluhishi wa kisheria, kwa hiyo si swali dogo.

Mwaka 2014 New Orleans walitaka kumbakisha Jimmy Graham kwa ule utaratibu wa timu kumzuia mchezaji mwaka mmoja kwa malipo yaliyopangwa. Malipo hayo yanategemea nafasi anayocheza. Taiti endi ilikuwa dola milioni 7.05, mpokeaji wa pembeni milioni 12.3. Graham alikuwa ametoka kufunga tachidauni 16, na mara nyingi alisimama mbali na ukuta, kwa hiyo akadai alipwe kama mpokeaji. Msuluhishi akakataa. Akasema hata ukisogea yadi chache kutoka ukutani, ulinzi bado unakuhesabu kama taiti endi. Baadaye walikubaliana mkataba wa miaka minne, dola milioni 40.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Ukimweka mtu wako pembeni kila mara, kocha wa ulinzi anamtoa lainibeki mmoja mzito (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele), anamwingiza mlinzi mwepesi, kazi imeisha. Amekuwa mpokeaji mwingine tu, tena asiye na mbio kuliko wote. Ukali wa taiti endi unatokana na hofu kwamba huenda akazuia. Hofu hiyo ikitoka, na nafasi ya kudaka nayo inapungua.

Na kuzuia ni ufundi, vijana wengi hawaufundishwi. Hatua ya kwanza lazima iwe fupi na ya pembeni, ukirefusha umeshapoteza uzani. Nyonga chini, mikono ndani ya kifua cha mwenzako kabla yake hajaweka ya kwake. Mara nyingi unaanza na mwenzako wa ukuta, mnamgonga mtu mmoja wawili, halafu wewe unamwachia na kupanda kwa lainibeki aliye nyuma. Ukipanda mapema, yule wa kwanza anaponyoka. Ukichelewa, lainibeki ameshajaza tundu. Nimewafundisha vijana wa sekondari huku Minnesota kwa muda mrefu, na ninaowaona wakilipata hilo vizuri ni wachache kuliko wanaoweza kudaka kwa mkono mmoja.

Vyuo vingi vya Marekani siku hizi vinatandaza wachezaji uwanja mzima, na taiti endi wao hawaweki mkono chini kwenye nyasi msimu mzima. Chuo cha Iowa ni tofauti. Wanakimbia, wanazuia, hawana haraka. Kutoka pale wametoka Dallas Clark, George Kittle, Noah Fant, T.J. Hockenson, Sam LaPorta.

Kwa hiyo wa tano wangu ni Kittle. Chuoni hakufikisha pasi 50 kwa miaka yake yote, na mwaka 2017 timu zilimruka hadi nafasi ya 146. Mwaka uliofuata alimaliza na yadi 1,377. Siku ileile ya mwisho wa msimu, Desemba 30, 2018, Kelce alikuwa ameivunja rekodi ya yadi ya Gronkowski, na kabla jioni haijaisha Kittle akaivunja ya Kelce.

Lakini mechi ninayowaonyesha vijana wangu siyo ya kudaka. Ni fainali ya NFC ya Januari 2020, San Francisco dhidi ya Green Bay. Kotabeki wa San Francisco, Garoppolo, alirusha pasi 8 tu mechi nzima. Raheem Mostert alikimbia yadi 220 na tachidauni nne, wakashinda 37 kwa 20. Kittle, mmoja wa wadakaji bora duniani, alipata pasi moja. Tazameni mbio zile moja moja, angalieni jezi namba 85 iko wapi kila mwanya unapofunguka. Na uso wake baada ya kila mbio ni wa mtu aliyefunga yeye mwenyewe.

Mnyamwezi wa Dallas

Wakuu, mmewasahau wawili wa kwanza kwenye orodha. Nawatetea.

Gonzalez: pasi 1,325, yadi 15,127, tachidauni 111. Hakuna taiti endi aliyemkaribia kwa yadi. Anayemfuata kati ya waliostaafu ni Jason Witten wetu wa hapa mwenye 13,046. (Witten naye anastahili sentensi moja. Mwaka 2007 Philadelphia, kofia ikavuka kichwani baada ya kugongwa na walinzi wawili, akaendelea kukimbia bila kofia kana kwamba hakuna kilichotokea.) Salma amezungumzia kuwepo. Katika misimu 17 Gonzalez alikosa mechi mbili tu. Mbili. Alicheza 270 katika nafasi ambayo kila mchezo wa mbio unakugonganisha na mtu mzito kuliko wewe.

Kijana wa Kasarani, hii ni kwa ajili yako: Gonzalez alicheza kikapu chuo cha California, timu ikafika raundi ya 16 bora mwaka 1997, na miezi michache baadaye Kansas City wakamchagua nafasi ya 13. Alichokuja nacho ni kile mnachokifanya chini ya kikapu mkigombania mpira unaorudi: kumweka mpinzani mgongoni, kujua alipo bila kumtazama, kisha kuruka na kuuchukua mpira mahali ambapo mkono wake haufiki. Kotabeki alihitaji tu kuurusha juu na upande wa pili wa mwili wake. Mtu "aliyelindwa" kwa macho ya kawaida, kwa Gonzalez alikuwa wazi.

Gates ni ajabu kubwa zaidi. Alikuwa nyota wa kikapu Kent State, timu ndogo iliyofika nane bora mwaka 2002. Urefu wake, futi 6 na inchi 4, haukutosha kwa nafasi aliyokuwa akicheza, NBA wakamwona mfupi. Chuoni hakucheza hata mechi moja ya futiboli. Mwaka 2003 hakuna timu iliyomchagua. San Diego wakampa nafasi, na mwaka uliofuata tu alifunga tachidauni 13. Alistaafu na tachidauni 116, rekodi ya taiti endi hadi leo. Canton walimwacha mwaka 2024, wakamwingiza 2025.

Ukinilazimisha nichague mmoja, Gonzalez. Sharti ni misimu yote, na hakuna aliyetoa misimu mingi mizuri kama yeye.

Mzee wa Yadi

Mnyamwezi, hoja ya mechi 270 ni nzito na nimeizingatia. Nina jibu mbili.

Kwanza, Gonzalez alishinda mechi moja tu ya mtoano maisha yake yote, Atlanta dhidi ya Seattle, Januari 2013, 30 kwa 28. Sisemi ni kosa lake. Kwa miaka mingi Kansas City ilikuwa na ukuta mzuri na ulinzi mbovu. Lakini mnapojenga timu, taiti endi anayebeba pasi tu anaweza kuzimwa na walinzi wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Gronkowski ukimwekea walinzi wawili, umeshapunguza mtu mmoja kwenye mbio, na yeye mwenyewe ndiye anayekuja kukuadhibu kwa kuzuia. Brady alicheza na wadakaji wengi wakubwa, na alipohamia Tampa mwaka 2020 mtu aliyerudi kutoka kustaafu kumfuata alikuwa Gronkowski. Super Bowl ya msimu ule, tachidauni mbili.

Pili, Salma: majeraha yake mengi yalitokana na namna walivyolazimika kumwangusha. Walinzi walimkimbilia magotini kwa sababu juu hawakumweza. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na mwili ule katikati ya uwanja, na niko tayari kuilipa.

Salma wa Mvita

Bei unailipa wewe, goti ni lake.

Msomaji wa Zamani

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mnazungumza kana kwamba nafasi hii ilizaliwa na Gonzalez.

Mwaka 1961 Chicago Bears walimchukua Mike Ditka nafasi ya 5. Wakati ule mtu wa mwisho wa ukuta alikuwa mzuiaji, pasi zilimfikia kwa nadra. Ditka alidaka 56 kwa yadi 1,076 na tachidauni 12 mwaka wake wa kwanza, na makocha wa ulinzi hawakuwa na mtu wa kumpa. Mwaka 1988 akawa taiti endi wa kwanza kuingia Canton. Miaka 27 tangu aanze, na kabla yake hakukuwa na hata mmoja.

Kisha John Mackey wa Baltimore, ambaye kwangu mimi ndiye baba wa Gronkowski kimchezo. Mwaka 1966 alifunga tachidauni tisa, sita kati ya hizo za zaidi ya yadi 50. Mtu wa ukubwa ule hakutakiwa kukimbia hivyo. Walinzi walimrukia mmoja baada ya mwingine, akawabwaga. Mackey ndiye pia aliyeongoza chama cha wachezaji na kuishtaki ligi kuhusu haki ya mchezaji kuhama timu, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawapa wachezaji haki. Uzeeni ubongo wake uliharibika. Mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji wa zamani wenye maradhi hayo uliitwa kwa namba ya jezi yake, 88. Mnapohesabu magoti na migongo, mhesabu na hili.

Wa tatu ni Kellen Winslow wa San Diego. Kocha Don Coryell alimtoa ukutani, akamzungusha, akamsimamisha mahali pengine kila mchezo ili walinzi wasijue wamfuate nani. Yote mnayoyaona kwa Kelce yalianzia pale. Januari 2, 1982, Miami, kwenye joto kali: Winslow alidaka pasi 13 kwa yadi 166, akafunga, kisha sekunde za mwisho akaruka na kuugusa mpira wa teke wa Miami uliokuwa ukielekea kuwapa ushindi. San Diego wakashinda 41 kwa 38 muda wa nyongeza. Wenzake wawili walimshika mabegani kumtoa uwanjani kwa sababu miguu ilikuwa imegoma. Akiwa na pumzi ya mwisho alifanya kazi ya kikosi cha ulinzi. Mechi moja, lakini sijaona taiti endi mwingine akicheza mechi kubwa kuliko ile, na kura yangu inakwenda kwake.

Mhasibu wa Kigamboni

Mimi sina upande kati ya wanne. Nataka kusema kwa nini wamekuwa adimu, maana jibu moja limesemwa, la ufundi, na la pili halijaguswa: fedha.

Mwaka 2025 Kittle alisaini miaka minne kwa dola milioni 76.4, yaani 19.1 kwa mwaka. Trey McBride wa Arizona alisaini mwaka huohuo kwa wastani wa 19. Hao ndio waliokuwa kileleni. Mwaka huohuo mpokeaji wa pembeni Ja'Marr Chase alisaini kwa milioni 40.25 kwa mwaka. Sasa fikiria mzazi mwenye kijana wa miaka 16, mrefu, ana mikono mizuri na mbio. Utamshauri aongeze kilo 20 akagongane ukutani kwa nusu ya malipo? Vijana wenye mbio hubaki pembeni. Wenye nguvu kabisa huenda kwenye ulinzi au ukutani, ambako pia wanalipwa zaidi. Katikati wanabaki wachache.

Timu nazo zimeogopa kuwachukua mapema, kwa sababu wanachelewa kukomaa. Gonzalez mwaka wake wa kwanza alidaka pasi 33 tu. Kelce alicheza mechi moja mwaka 2013 kwa sababu ya goti. Kyle Pitts alichukuliwa nafasi ya 4 mwaka 2021, ya juu kuliko taiti endi yeyote, akaanza na yadi 1,026, halafu misimu mitatu iliyofuata hakufikisha 700. Ukimtazama nani alichukuliwa wapi unaona timu zenyewe hazijui kuwatambua: Gates hakuchaguliwa kabisa, Kittle raundi ya tano, Kelce raundi ya tatu, Gronkowski ya pili. Kati ya hawa watano ni Gonzalez peke yake aliyeonekana mapema.

Kijana wa Kasarani

Nimeelewa sasa, ahsanteni. Kocha Barasa, katika hawa wa leo yuko anayekaribia? Na je, mtu kutoka kwetu anaweza kuicheza nafasi hii? Mwaka 2023 NFL walileta kambi Nairobi, nikaona vijana wa kikapu na raga wakipimwa.

Kocha Barasa

Yupo. Brock Bowers wa Las Vegas. Alichaguliwa nafasi ya 13 mwaka 2024, ileile ya Gonzalez. Mwaka wake wa kwanza alidaka pasi 112, ambazo hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza wa nafasi yoyote aliyewahi kuzifikia, na yadi zake 1,194 ziliipita ile rekodi ya Ditka ya 1,076 iliyokaa tangu 1961. Alifanya hayo kwenye timu iliyoshinda mechi 4 tu. Chuoni Georgia alichukua mara mbili tuzo ya taiti endi bora, inayoitwa kwa jina la Mackey.

Ninachokitaka kwake ni kuzuia. Ana moyo wa kuzuia, hakwepi, lakini ni mwepesi kuliko hawa wakongwe, na watu wa mwisho wa ulinzi wanapomwegemea kwenye mbio za upande wake anarudi nyuma hatua moja ambayo Kittle hairudi. Akiliongeza hilo, uzi huu utahitaji jina la sita.

Kuhusu kwetu: Daniel Adongo, mtoto wa Nairobi, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis mwaka 2013, akacheza upande wa ulinzi. Raga inakupa mgongano na kubeba mpira. Kikapu kinakupa kuruka na kumweka mtu mgongoni. Mwenye vyote viwili anapungukiwa na jambo ambalo hakuna mchezo mwingine unaofundisha, ile hatua ya kwanza fupi ukiwa umeinama mkono mmoja chini. Ifanye kila siku, polepole, mbele ya mtu mzito kuliko wewe, kabla hujagusa mpira. Ukiwa na video yako, itume hapa niitazame.

Mnyamwezi wa Dallas

Kocha, kwa Bowers tuko pamoja, ila bado namuweka Gonzalez juu. Na Mzee wa Yadi hajajibu: misimu ile Gronkowski akiwa kitandani hospitali, nani anamzuilia mkimbiaji wake?